Mnara Bubu wa Zombo

Sehemu ya kumi na nne

"Nani amekiwasha?"

Swali la Bi Regina lilitua mezani, ndani ya ukumbi mdogo wa mikutano pale Kilosa.

Tulipoachana Ijumaa iliyopita, Selestina Abeli alikuwa amesimama mbele ya maafisa wa Mamlaka ya Mawasiliano, zimebaki dakika chache apewe kibali alichokihangaikia miezi kumi na moja. Kibali cha kujaribu vifaa viwili vya intaneti ya setilaiti, vile vinavyofungwa juu ya gari na kushika mtandao hata gari likiwa mwendoni. Siku tisini za majaribio, ndani ya Wilaya ya Kilosa. Basi.

Kisha ikaletwa karatasi moja.

Gari la Mamlaka la kupimia masafa lilikuwa limenasa mawimbi jana yake, saa kumi na dakika kumi alasiri, karibu na Zombo. Masafa yaleyale aliyoyaomba Selestina. Masafa ambayo mpaka siku hiyo hakuna mtu wilaya nzima aliyeruhusiwa kuyagusa.

"Narudia," alisema Bi Regina, afisa wa kanda, mama wa makamo mwenye sauti ya chini na macho yasiyopepesa. "Vifaa vyako tulivifunga kwa lakiri mpaka kibali kitoke, na kimoja kimewaka. Nani amekiwasha?"

"Hakuna, Bi Regina. Vyote viwili viko kwenye gari hapo nje. Lakiri hazijaguswa."

Upande wa pili wa meza, Injinia Lupakisyo alitabasamu.

Selestina aliliona tabasamu lile. Alikuwa amelichukia kwa miaka sita.

Lupakisyo ndiye mkuu wa Kilele, kampuni ya minara ya simu iliyoweka pingamizi kwa ombi lake. Ndiye aliyethibitisha kwa maandishi kwamba mnara wa Zombo umekamilika na unafanya kazi usiku na mchana. Mnara wenyewe ulikuwa umesimama pale juu ya zahanati, mrefu, umepakwa rangi nyekundu na nyeupe, na simu chini yake hazishiki chochote.

Machi ya 2019, msimu wa mvua, mdogo wake Selestina aitwaye Aneth alijifungua katika zahanati hiyo akaanza kutokwa na damu. Muuguzi alipanda kichuguu, akapanda na ukuta wa choo, simu juu kama anaombea mvua, akitafuta mtandao wa kuita gari la wagonjwa. Gari halikuja. Aneth alikata roho saa nane mchana, na mtoto akamfuata jioni.

Ndiyo maana Selestina aliacha kazi nzuri mjini Morogoro akafungua kikampuni cha watu wawili. Kilosa nzima iliamini kwamba anatafuta biashara. Yeye alikuwa anatafuta kisasi.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Anayepewa kibali cha majaribio lazima kwanza apime mtandao uliopo katika eneo lake, kijiji kwa kijiji, na vipimo hivyo vinapigwa muhuri wa Mamlaka. Selestina angepima Zombo mbele ya mashahidi. Angepata sifuri. Na sifuri hiyo yenye muhuri ingemfikisha Lupakisyo mahakamani bila Selestina kuinua mkono.

Sasa kila kitu kilikuwa kinamponyoka.

"Twende tukazione hizo lakiri," alisema Lupakisyo kwa upole. "Binti yangu ana haki ya kujitetea."

"Mimi si binti yako."

"Nimekufundisha kazi, Selestina. Miezi mitatu ofisini kwangu, ukiwa bado mwanafunzi. Asubuhi hii hata shikamoo umeninyima, nimekaa kimya."

Bi Regina alikuwa ameshasimama. "Tutoke nje."

*

Land Cruiser nyeupe ilikuwa imeegeshwa karibu na uzio. Donati, dereva na fundi wa Selestina, alikuwa ameegemea mlango wa nyuma. Alipowaona wanakuja wote kwa pamoja, alijiweka sawa.

Donati hakuwa mtu wa kuajiriwa tu. Ndiye aliyekuwa mume wa Aneth. Siku ile ya Machi alikuwa amekimbia kwa baiskeli mpaka barabara kuu kutafuta gari, na aliporudi alikuta wanawake wameshaanza kulia.

"Fungua," Bi Regina alimwambia.

Kifaa cha kwanza kilikuwa juu ya paa, bapa kama sinia, lakiri yake nyekundu imekaza sawasawa. Bi Regina aliisoma namba, akaitikia kwa kichwa.

Kifaa cha pili kilikuwa nyuma, chini ya turubai. Aliinua turubai, akainama. Alipoinuka alikuwa ameshika kipande cha plastiki nyekundu kati ya vidole viwili.

Kimekatwa. Na kilikuwa kimeunganishwa tena kwa gundi, kazi ya mtu mwenye haraka.

Selestina alimgeukia Donati. "Shemeji?"

Donati aliangalia chini.

"Donati! Nakuuliza!"

"Ni mimi."

Selestina hakungoja neno la pili. Alimrukia, akamkaba ukosi wa shati kwa mikono yote miwili. "Amekupa nini? Huyu mzee amekupa nini? Umemuuza mke wako kwa kiasi gani?"

"Shemeji, niache niseme."

"Ungesema jana!"

"Mwache aseme," alisema Bi Regina.

Selestina alimwachia. Donati alijifuta uso kwa kiganja.

"Jana nilikuwa natoka Mikumi kuleta gari huku. Nimefika Zombo, namwona muuguzi Domina amesimama katikati ya barabara, mikono juu. Domina yuleyule aliyemhudumia Aneth. Nikajua tu. Kabla hajafungua mdomo nilikuwa nimeshajua." Alimeza mate. "Ndani kuna mama mmoja, Happiness, amejifungua, damu haikati. Simu hazishiki. Tukampakia, tukageuza kurudi Mikumi. Tumeondoka tu, Domina anasema huyu hafiki. Anasema anamhitaji daktari amwelekeze, na damu iandaliwe kabla hatujafika."

"Ukakata lakiri," alisema Bi Regina.

"Nikakata. Nimewasha, sijui dakika mbili, daktari wa Mikumi akawa kwenye kioo cha simu anamwona mgonjwa. Anamwambia Domina shika hapa, bana hapa, usiachie. Mimi naendesha, nasikia kila kitu. Tumefika, kitanda kipo mlangoni na damu imeshatundikwa." Aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Yuko hai, mama. Na mtoto wake yuko hai. Nilipofika Kilosa nikaogopa, nikapaka gundi. Hilo ndilo kosa langu."

Karani mmoja aliyekuwa akipita na mafaili alikuwa amesimama, hajui kwamba amesimama.

Selestina alipaswa kufurahi. Msomaji, mimi na wewe tungefurahi. Lakini neno lililomtoka halikuwa la furaha.

"Siku moja, Donati. Ulishindwa kungoja siku moja tu!"

Donati alimtazama kana kwamba ndiyo kwanza wanakutana. "Happiness hakuwa na siku moja."

*

Lupakisyo alikohoa kidogo, kikohozi cha mtu anayeomba radhi kwa kuwa na haki.

"Bi Regina, nampongeza kijana kwa moyo wake. Ila amekiri. Kifaa kimewashwa bila kibali, lakiri imekatwa, ikafichwa kwa gundi. Naomba ombi hili lifutwe leo."

Bi Regina alikiweka kile kipande cha plastiki mkobani.

"Tena naongeza," aliendelea Lupakisyo. "Hapakuwa na haja yoyote. Zombo ina mnara wetu. Huyu angeinua simu yake ya kawaida akapiga. Nimeeleza kwenye pingamizi langu kwamba vifaa hivi ni vya kutafutia sifa tu, mtandao upo."

"Una uhakika upo?"

"Kwa jina langu. Twendeni sasa hivi mkaone."

Selestina alishtuka. Alikuwa amejiandaa kumburuta mtu huyu Zombo kwa nguvu ya sheria, na sasa anajialika mwenyewe? Kuna kitu. Lazima kuna kitu.

Bi Regina alitoa lakiri mpya mkobani, akakifunga upya kifaa cha pili na kuandika namba. "Ombi nimelisimamisha. Halijafutwa, limesimama. Mtakuwa nyuma ya gari langu, na hakuna anayegusa chochote."

Ilikuwa mwendo wa karibu saa nzima. Barabara ya Mikumi ilikuwa inachimbuliwa kwa ajili ya lami, vumbi la magari ya mkandarasi likiwaingia mpaka kooni. Selestina alikaa mbele, ameshikilia mkanda kwa mikono miwili.

Walipovuka daraja la pili ndipo aliposema.

"Hukuniambia. Nimelala nyumba ya jirani yako, umekuja asubuhi tumekunywa chai, hukuniambia."

"Ningekupigia jana kutoka barabarani nikakuuliza, ungeniruhusu?"

Selestina aligeukia dirisha, akatazama vumbi.



"Basi," alisema Donati, akabadilisha gia.

*

Zombo iliwapokea kwa kelele ambayo Selestina hakuitarajia.

Ti-ting. Simu yake. Ti-ting, ti-ting. Simu ya Donati. Ujumbe ulikuwa unamiminika kama mtu amefungua bomba. Aliitazama simu kiganjani mwake: mistari yote ya mtandao imejaa.

Kule mbele, Lupakisyo alikuwa ameshashuka. Alisimama hatua kumi kutoka kwa Bi Regina, simu sikioni, na simu ya Bi Regina ikaita.

"Haloo, Bi Regina? Unanipata vizuri?"

"Nakupata."

"Nakushukuru," alisema Lupakisyo, akakata, akaiweka simu mfukoni taratibu.

Selestina alikwenda mpaka kwenye uzio wa mnara. Nyasi zilikuwa zimefyekwa, bado mbichi. Jenereta lilikuwa linanguruma ndani ya kibanda, harufu ya dizeli kali, na ardhini kulikuwa na alama mpya za pipa lililoviringishwa.

Amewasha leo. Kwa miaka yote hii, amewasha leo!

Muuguzi Domina alikuwa anatoka zahanati, akifunga vizuri kilemba chake. Mwanamke mfupi, mwenye mwendo wa haraka, mvi zimeanza kumchungulia.

"Shikamoo dada Domina."

"Marahaba Selestina. Happiness ameamka, nimeongea naye kwa simu sasa hivi, hebu fikiria! Kwa simu, kutoka hapa!"

"Mtandao umekuja lini, dada?"

"Leo. Saa mbili asubuhi. Walikuja vijana wawili na pikipiki ya miguu mitatu, wana pipa la mafuta."

Selestina alimgeukia Bi Regina. "Umesikia!"

"Amesikia," alisema Lupakisyo. "Na mimi nimesikia. Vijana walikuja kujaza mafuta, kazi ya kila mwezi. Muuguzi anapima wagonjwa, hapimi masafa. Kama simu yake mbovu, mnara una kosa gani?"

Domina alimtazama kutoka viatuni mpaka kofiani. "Nilipanda kichuguu hiki na simu tatu tofauti."

"Ni neno lako, mama. Mimi nina kumbukumbu za kampuni."

Bi Regina aliandika kitu kwenye daftari lake, uso wake hausomeki. "Selestina, una kingine? Maana nikienda kwa kilichopo mbele ya macho yangu, mnara unafanya kazi, na kifaa chako kimevunja sharti."

Ndivyo mambo yalivyokuwa yanaishia, basi. Miaka sita. Selestina alitazama gari la Bi Regina, gari refu la kijivu lenye mlingoti wa antena uliokunjwa mgongoni. Gari lilelile lililomkamata.

Akalitazama tena.

"Bi Regina. Jana hili gari lilikuwa wapi?"

"Juu ya kilima, ng'ambo ya mto."

"Tangu saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi mpaka saa kumi na moja."

"Na kwa nini lilikuwa Zombo, na si Kimamba au Msowero?"

Bi Regina aligeuza macho polepole kuelekea kwa Lupakisyo. "Tulipokea malalamiko. Injinia hapa aliandika wiki iliyopita kwamba unarusha mawimbi kwa siri upande huu. Tukaja kuhakikisha."

"Nilikuwa sijarusha."

"Ulikuwa hujarusha. Mpaka jana."

"Na mtambo wenu," alisema Selestina, "huwa unapima masafa yangu peke yake?"

Lupakisyo aliacha kuchezea funguo zake.

"Unapima yote," alisema Bi Regina. "Tuliulizwa juu yako, tukatoa ukurasa wako."

"Naomba ukurasa wa pili."

Bi Regina alikwenda garini. Aliinua kompyuta, akaiweka juu ya boneti, akakinga jua kwa kiganja. Walisikia mbofyo mmoja, miwili. Domina alikuwa ameshika mkono wa Selestina, wala Selestina hakujua umeshikwa tangu lini.

"Masafa ya Kilele, eneo la Zombo," alisoma Bi Regina. "Saa nne, hakuna. Saa sita, hakuna. Saa nane, hakuna." Alivua miwani, akaifuta kwa mtandio, akaivaa tena. "Saa kumi na dakika kumi. Hakuna."

"Dizeli!" alisema Lupakisyo haraka. "Jana iliisha dizeli, ndiyo maana leo..."

"Ukurasa wa tatu wa pingamizi lako, Injinia. Umeandika kwamba mnara huu haujazimika tangu mwaka 2017, hata dakika moja. Umesaini. Nimeusoma jana kabla ya kulala."



Selestina alimsogelea Lupakisyo mpaka akasikia pumzi yake. Alikuwa ameyapanga maneno haya kwa miaka mingi, kwenye mabasi, kwenye foleni za ofisi, kanisani wakati wengine wanasali.

"Wewe ndiye uliyeliita gari lile. Ulitaka linikamate mimi. Ulikumbuka kuwasha mnara leo, ukasahau kwamba jana walikuwa wamekaa hapo juu wanakusikiliza."

Jasho lilikuwa limemtoka yule mzee kwenye paji la uso. Ah, utamu wake!

"Nitahitaji faili lote la mnara huu," alisema Bi Regina, "kuanzia siku ulipopokelewa. Na wewe muuguzi, njoo ndani unieleze habari za mwaka 2019, taratibu, tangu mwanzo. Dereva naye aje."

Wakaingia zahanati, wote watatu.

*

Nje wakabaki wawili.

Selestina alitarajia kumwona Lupakisyo akitafuta pa kukimbilia. Badala yake mzee alikuwa ametulia. Alikwenda mpaka kwenye gari lake, akarudi na mkoba wa ngozi, akaegemea uzio wa mnara kama mtu anayesubiri basi.

"Tuongee kikubwa," alisema.

"Sina la kuongea na wewe."

"Nafuta pingamizi langu. Namwambia Bi Regina kwamba kijana aliwasha kwa dharura na mimi sina kinyongo. Kibali chako kinatoka wiki hii. Zombo, Malolo, kila zahanati unayoitaka, funga madishi yako. Wewe unachotakiwa ni kitu kimoja tu. Usishikilie habari ya faili."

"Unadhani nilikuja kutafuta kibali?"

"Ulikuja kutafuta nini?"

"Nataka ulie," alisema Selestina. "Nataka usimame hapa mbele ya watu wa Zombo, useme kwa mdomo wako kwamba ulisaini uongo, na mdogo wangu akafa chini ya uongo huo. Halafu nataka nikuone unapakiwa kwenye gari la polisi. Nitaleta kiti nikae nitazame."

Lupakisyo alimsikiliza mpaka mwisho, bila hasira. Hilo ndilo lililomtisha.

"Mimi nilisaini kupokea," alisema. "Mkuu wa ofisi hupokea. Hapimi. Aliyepima ni mtu mwingine."

"Nani?"

Alifungua mkoba, akatoa karatasi moja iliyokunjwa mara mbili, ya rangi ya maziwa yaliyochacha. "KLS kumi na saba. Namba ya mnara huu inakukumbusha kitu?"

Selestina aliichukua. Ilikuwa fomu ya vipimo vya mnara mpya. Nguvu ya mawimbi: nzuri. Sauti: nzuri. Intaneti: nzuri. Mnara umepimwa, umekubalika. Agosti 2017. Hapakuwa na jina la kijiji popote, namba tu.

Na chini, juu ya saini ya Lupakisyo, sehemu iliyoandikwa *Aliyepima*, kulikuwa na saini yenye herufi S ndefu, mkia wake umezungushwa kwa mbwembwe za msichana anayesaini karatasi za kazi kwa mara ya kwanza maishani.

Alikumbuka.

Ijumaa moja pale Morogoro. Lupakisyo yupo mlangoni, koti begani, ana haraka. Rundo la fomu mezani. *Saini hapo chini, binti yangu, mafundi wameshapima, sisi tunamalizia makaratasi.* Fomu arobaini na moja. Alikuwa amezimaliza zote kabla ya chakula cha mchana, na wakati wa kurudi nyumbani alimpigia Aneth, aliyekuwa bado hajahamia Zombo, simu ya kujisifu. *Mdogo wangu, leo nimesaini minara arobaini na moja!* Aneth alicheka sana.

"Nilikuwa nataka kukuambia tangu ulipoanza vita hii," alisema Lupakisyo. "Sikupenda kukuumiza. Hii ni nakala halisi, hakuna nyingine. Majina yetu yote mawili yamo humo, na likikamatwa moja, linakamatwa la pili. Ichane. Ichane mwenyewe, nikuone. Halafu tuingie ndani tukamalize, wewe upate kibali chako, mimi nirudi kwangu."

Vidole vya Selestina vilikuwa vimeshashika ukingo wa karatasi. Alisikia inapasuka. Kidogo tu, urefu wa ncha ya kidole.

Huyu mzee atarudi kwake, alijiambia. Atavua viatu, atawekewa chakula, atalala.

Mlango wa zahanati ulifunguka. Bi Regina alitoka, Domina na Donati nyuma yake.

"Hiyo karatasi ni ya nini?"

"Mambo ya kazi za zamani," alijibu Lupakisyo, akinyoosha mkono kuichukua. "Haina uzito."

Selestina alirudi nyuma hatua moja. Kisha akampita mzee, akaenda mpaka mbele ya Bi Regina na kumpa ile karatasi.

"Ndiyo fomu ya mnara huu. Ina saini mbili. Ya chini ni ya Injinia. Ya juu ni ya aliyesema kwamba ameupima. Anza na hiyo ya juu."

"Selestina!" Lupakisyo alipayuka.

Bi Regina alisoma. Alisoma mara ya pili. Alipoinua uso, ule ukali wote ulikuwa umemwisha.

"Hii ni saini yako."

"Ni yangu."

"Ulipima?"

"Sikuwahi kukanyaga hapa kikazi. Niliambiwa nisaini, nikasaini. Namba ilikuwa imeandikwa, kijiji hakikuandikwa. Mpaka dakika tano zilizopita sikujua kwamba ni Zombo."

"Mtu aliyesaini vipimo vya uongo hapewi kibali, Selestina. Hata cha siku moja. Na hilo ni dogo kuliko mengine. Unaelewa hii inakupeleka wapi?"

"Naelewa. Nitakwenda." Aligeuka, akanyoosha kidole. "Ila huyu ananitangulia."

Mkoba ulikuwa umemdondoka Lupakisyo, mdomo wazi, karatasi nyingine zinapeperuka hadi kwenye uzio. Huo ndio uso ambao Selestina alikuwa ameutamani kwa miaka sita. Aliutazama. Aliutazama vizuri, asikose kitu, na ulimfurahisha kwa muda wa pumzi moja.

Kwa maana katika pumzi ya pili alimwona Donati.

Donati alikuwa ameichukua ile fomu mkononi mwa Bi Regina. Alikuwa anaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kama anavyosoma michoro ya nyaya, asiruke chochote. Nguvu ya mawimbi, nzuri. Sauti, nzuri. Kidole kikafika kwenye ile S yenye mkia, kikasimama.

"Shemeji," alisema Selestina.

Kidole hakikuondoka kwenye ile saini.

"Donati, nisikilize. Sikujua. Naapa kwa Mungu sikujua."

Domina alijifunika mdomo kwa kilemba. Jenereta liliendelea kunguruma.

Donati aliikunja fomu kwa uangalifu, akamrudishia Bi Regina kwa mikono miwili. Kisha akatoa funguo za Land Cruiser mfukoni, akaziweka juu ya boneti la gari la kijivu, mbali na Selestina.

"Mama," alimwambia Bi Regina kwa adabu, "mimi sina elimu ya mambo haya. Mtu aliyefiwa na mkewe na mwanawe akitaka kushtaki, anaanzia kwako, au anakwenda polisi?"

"Anakwenda polisi. Mimi nitakuwa shahidi." Bi Regina alisita. "Unataka kumshtaki Injinia Lupakisyo?"

Donati hakumtazama Lupakisyo kabisa.

"Andika wote wawili," alisema.